Mayai Yangu Ndani ya Basi la Gesi

Watu wa mtaa wetu wa Jamhuri wanaijua hii aibu yangu kuliko jina langu, kwa hivyo wacha niiandike mwenyewe, maana wanaoisimulia sokoni wanaongeza chumvi na ilivyokuwa ilinitosha.

Mjukuu wangu Wambui ni fundi. Anachukua injini ya dizeli anaigeuza itumie gesi, ile ya kutoka chini ya ardhi (si hii ya mtungi ya kupikia, msinirekebishe, nilishaelezwa), na mimi nilikuwa nimetangazia kanisa lote. Mzee wangu aliendesha lori la dizeli mpaka kifua kikamlaza, akawa anakohoa weusi kwenye kitambaa, na Wambui akiwa mtoto ndiye alikuwa anafua vile vitambaa. Kwa hivyo siku tajiri mmoja mwenye shule na mabasi yake alipokubali kupanda basi lake moja aliloligeuza Wambui, aone kama atampa na yale mengine, nilijua kwa huyo msichana hiyo haikuwa kazi tu.

Nikasema lazima niende. Na mimi nililelewa hivi, mtu hatoki safari bila mayai ya kuchemsha. Niliyachemsha Ijumaa, safari ikasongezwa mpaka Jumatatu, na hapo ndipo niliponunua aibu yangu, kwa sababu nilikataa kuyatupa (yai la kuchemsha linaharibikia wapi, nikajiambia), nikayafunga na gazeti nikatia kwa kiondo.

Kabla ya kuondoka Wambui alisimama mbele yetu, tajiri na walimu wake na mimi. "Gesi haina masizi kama dizeli," akasema, "lakini si malaika. Ikivuja kabla ya kuchomwa inaipasha dunia joto vibaya, na inaweza kushika moto. Ndiyo maana imetiwa harufu. Mtu akisikia mayai yaliyooza, aseme, tushuke."

Mimi nilikuwa kiti cha mbele, na kiondo nimekiweka juu ya kifuniko cha injini, penye joto.

Tulipofika karibu na maduka ya Adams Arcade magari yakakwama, jua linachoma, dereva akafunga breki kwa ghafla na kiondo kikagonga chuma. Harufu ikanipiga. Nikasimama kama mwanafunzi aliyeelewa somo, nikasema, "Gesi inavuja. Shukeni."

Wakashuka wakikanyagana, tajiri akaacha kiatu kimoja mtaroni, mama wa mahindi choma akamwagia jiko lake maji, na mimi nikashuka na kiondo changu kwapani nikiambia watu wasogee mbali.

Wambui alipiga magoti na nguo yake nzuri, akapaka povu la sabuni kila mahali mabomba yanapoungana. Hakuna povu lililovimba.

"Haivuji, Cucu."

"Rudia," nikamwambia mbele ya wote. "Pua yangu haijawahi kunidanganya."

Akarudia. Hilo la kumwambia arudie ndilo linalonikosesha usingizi.

Tajiri, amesimama kando yangu na soksi, akauliza, "Mbona huku nje kunanuka kuliko huko kwa gari?"

Mama wa mahindi, bado ana hasira ya makaa yake, akaniangalia kwapani. "Shosho, hebu fungua hiyo kiondo."

Nikafungua. Adams yote ilicheka, hata polisi wa barabara. Tajiri hakucheka.

"Wambui, gari halina shida, nimeona," akasema. "Lakini wazazi wakisikia watu walikimbia hivi, nitawaambia nini? Ati ni mayai ya nyanya yako?"

Akavaa kiatu kikiwa na maji akaenda zake, na basi akalirudisha kwa dizeli.

Wambui hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niliumia mguu nikishuka, na ningependa zaidi anitukane.

Sasa basi lile lile hupita kwa lango letu asubuhi kuchukua watoto, likipanda mlima linakohoa kama marehemu mzee wangu, na vitambaa vyangu vyeupe vya kanisa navitoa kwa kamba vikiwa na madoa. Wambui akilisikia huacha chai, anaenda anafunga dirisha, anarudi anakaa.

Mimi mayai nimeacha kuchemsha, ya safari na ya nyumbani. Hajaniuliza kwa nini, na yeye ndiye alikuwa anayapenda.