Muuza Nepi Aliyejua Mimba Yangu

Simu ya mume wangu iliita Jumamosi asubuhi akiwa anafua. Mikono ilijaa povu, akaniomba nimpokelee na niweke spika.

"Habari za asubuhi, baba mapacha," ilisema sauti laini ya kike. "Hongera sana, kaka."

Nikakata.

Tulikuwa wawili tu tuliojua kuwa nimebeba mapacha. Hata mama yake, aliyeko Kwihara, hatukuwa tumemwambia, kwani kwao mimba haitangazwi mapema. Na mume wangu ni mtu wa reli. Nusu ya juma hulala Kaliua.

"Ndiye huyo wa Kaliua?"

"Mke wangu, huyu simjui."

"Humjui, ila yeye anajua kilichomo tumboni mwangu."

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, nimezoea kupanga ushahidi. Siku hiyo niliupanga wote dhidi yake, kuanzia shati jipya hadi treni iliyochelewa. Kisha nikampigia yule mwanamke.

"Dada, mimi nauza nepi huku Dar," alisema. "Namba bosi anazinunua kwa mtu mwenye orodha za kliniki."

Nikakumbuka. Kwenye kliniki binafsi nilikopimwa, niliacha namba ya mume wangu iwe ya dharura. Sheria ya taarifa binafsi nilishaisoma hewani mara nyingi: habari za afya ya mtu hazitolewi bila ridhaa yake. Nilikuwa nikiisoma kama bei za mahindi.

Nikapeleka malalamiko kwenye tume inayosimamia taarifa hizo. Ofisa akanieleza kwamba muuzaji atatakiwa kusema orodha aliipata wapi, na kwamba nina haki ya kudai tufutwe kwenye orodha hiyo. Akauliza nimepata madhara gani. Nikamjibu kwamba siri yangu imetoka nje. Usingizi nilioukosa nikimsikiliza mume wangu akipumua sikuutaja.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kwihara, mama mkwe asije akazisikia habari hizi kwa mchuuzi mwingine. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikamweleza yote: mapacha, binti wa nepi, kliniki, orodha, tume. Alisikiliza huku akipepeta karanga.

"Kwa hiyo mtu wa Dar kajua wajukuu zangu kabla yangu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana tumeshtaki."

Ungo ukasimama. Habari za tume hakuziuliza.

"Huyo binti ameolewa?"

Mume wangu akacheka. Mimi nilimtazama usoni, nione kama jibu analo.