Gia ya Pili na Trei Sita za Mayai

Mume wangu alivunjika mguu wa kushoto akichuma parachichi, na neno la kwanza alilosema akiwa bado amelala chini ya mti halikuwa jina langu wala la Mungu. Alisema, "Klachi." Nikadhani amegonga kichwa. Kumbe alikuwa amewaza haraka kuliko mimi: mguu wa kushoto ndio wa klachi, na gari letu, tofauti na magari ya majirani yanayojibadilishia gia yenyewe, haliendi popote bila mguu huo.

Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, milango miwili na viti viwili, limekaa chini kiasi kwamba ukiwa ndani unatazamana na mbuzi uso kwa uso. Mume wangu ni fundi magari. Alilipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga shamba lake la maua kurudi kwao, likiwa limelala kwenye banda la ng'ombe, halijawaka miaka. Alilihangaikia mpaka likafufuka. Mimi nafuga kuku wa mayai hapa Maji ya Chai, na kwa kuwa hatukuwa na gari lingine, kila Jumanne na Ijumaa tulipeleka mayai mjini kwa gari la spoti, yeye kwenye usukani, mimi pembeni na trei sita mapajani, sioni mbele. Watu wa Tengeru walishatuzoea. Watalii walitupiga picha.

Miaka tisa nilibeba trei hizo na halikuvunjika yai hata moja, wala si kwa ustadi wangu. Yule mwanaume akibadilisha gia husikii kitu. Unashangaa tu gari limekuwa na nguvu zaidi, au limetulia zaidi. Mwenyewe alijijua, na alijivuna. Kila nilipomwomba anifundishe alinijibu kwamba lile si gari la kujifunzia. Iliniuma. Leseni ninayo, niliipata kwa gari la otomatiki la dada yangu, na usukani ule niliutamani kuliko nilivyowahi kutamani jiko la gesi.

Kwa hiyo acha niseme ukweli. Alipofungwa hogo zito la plasta kutoka pajani mpaka vidoleni, nilimwonea huruma, nikampikia mtori asubuhi na jioni, na moyoni nilikuwa nacheka.

"Nipe funguo," nikamwambia siku ya tatu.

"Atapeleka mdogo wangu."

"Mdogo wako anaendesha kama anafukuzwa."

Ni kweli, naye alijua. Mwisho tukakubaliana. Mayai nitapeleka mimi. Lakini mteja wetu mkubwa, mama mmoja wa Kaloleni anayeoka keki za harusi, akiyakataa hata mara moja, funguo zinarudi chini ya mto wa mgonjwa, shemeji anashika usukani, nami nisiombe tena maisha yangu yote. Nikakubali haraka, kama mtu asiyejua anachokikubali.

Masomo yalianzia sebuleni. Mgonjwa alikaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Mimi nilikaa kwenye kiti, mbele yangu ndala tatu zimepangwa sakafuni: klachi, breki, mafuta. Gia ilikuwa mwiko wa ugali uliochomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Alikuwa ananifokea, "Achia! Achia polepole, mama, unaua injini," nami natokwa jasho huku nimeshika mwiko, ndipo wazee wa kanisa wawili walipoingia kumwona mgonjwa. Waliuombea mguu, kisha, bila kuombwa, wakaniombea na mimi kwa muda mrefu zaidi.

Ijumaa nikaondoka. Gari lilizimika mara tatu kabla ya geti, na kuku wote walitoka kuangalia. Trei nilikuwa nimezifunga kwenye kiti cha abiria kwa mkanda, juu yake nikaongeza kanga mbili. Nilipofika lami nikapata amani kidogo, na amani ndiyo iliyoniponza.

Huku mlimani tuna ugonjwa mmoja. Barabara ikianza kushuka tu, dereva anatoa gia, anaweka frii, gari linateremka lenyewe, naye anajisikia amemwibia mwenye kituo cha mafuta. Marehemu baba yangu alifanya hivyo na lori la kahawa. Mchungaji wetu anafanya hivyo na waumini ndani. Mimi nimekulia kwenye siti za watu hao, kwa hiyo mteremko wa kwanza ulipofika sikufikiri hata kidogo. Nikaweka frii. Gari likashuka kimya, likaongeza mwendo, nikawa najisifu, mara nikaona tuta. Nikakanyaga breki, nikasukuma gia ya pili kwa nguvu, nikaachia klachi yote kwa mkupuo. Gari lilipiga kelele kama ng'ombe anayechinjwa, likasimama ghafla, na trei mbili za juu zikapita katikati ya kanga zikatua kwenye redio.

"Mama, hapo unaegesha au unapigana?" akaniuliza muuza ndizi aliyekaa kando ya tuta. Nilikuwa nafuta ute kwenye usukani.

Yule mama wa Kaloleni ni mtu wa Tanga, na Kiswahili chake hata akikusema unatamani kumshukuru. Alizitazama trei, akanitazama na mimi, nina ganda la yai begani.

"Mwanangu," alisema, "mayai huyapiga mimi mwenyewe. Hukuwa na haja ya kunisaidia." Alichukua yaliyokuwa mazima. "Jumanne nina keki ya harusi, ya ghorofa tano. Yakija hivi, tafadhali rudi nayo."

Nyumbani mume wangu alinusa tu upepo uliotoka garini.

"Uliweka frii."

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake aliniita nikae karibu, akaniambia kwamba gari likishuka bila gia si lako tena, ni la mlima. Shuka na gia. Na ukitaka kurudi ya pili, kanyaga klachi, ongeza moto kidogo kwanza, injini iufikie mwendo wa magurudumu, ndipo uachie. Aliniambia mara nne na sikuelewa hata moja. Usiku nikiwa kitandani nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nawalaza watoto walipokuwa wadogo, mkono unauchomoa chini ya shingo kidogo kidogo, ukimsikia amestuka unasimama, unangoja, unaendelea. Klachi ilikuwa hiyo hiyo.

Jumamosi na Jumatatu nilifanya mazoezi kati ya nyumbani na barabara kuu. Mwalimu aliamuru nibebe mayai viza. Alisema mtu akibeba mawe hajifunzi kitu, lakini mtu aliyebeba viza anajifunza asubuhi hiyo hiyo. Alikaa barazani na hogo lake akinisikiliza kwa masikio tu, na nilipokuwa chini kabisa, nyuma ya migomba, simu ilikuwa inaita. "Ya tatu umeichelewesha." Nakata. Inaita tena. "Hiyo ilikuwa nzuri. Usijisifu." Viza vilivunjika vitatu, vyote Jumamosi.

Jumanne yule mama alifungua trei moja moja, akainua yai moja moja kwenye mwanga. Kwenye trei ya mwisho akakuta lenye ufa mwembamba kama unywele. Akalisogeza usoni pangu.

"Na hili?"

"Hilo kuku alilitaga hivyo hivyo."

Akacheka mpaka akashika meza. "Ijumaa usichelewe," akasema.

Baada ya hapo nilianza kuharibika. Niliamka mapema bila sababu nikalifuta vumbi gari. Nilijua kona zote za Tengeru kwa sauti ya injini. Na kadiri wiki zilivyopita ndivyo nilivyoanza kuogopa mguu wa mume wangu upone, Mungu anisamehe. Makubaliano yetu yalihusu mguu uliovunjika. Kuhusu mguu mzima hatukusema neno, na kwenye gari lile kiti cha dereva ni kimoja.

Siku ya kukatwa hogo alipelekwa hospitali na rafiki yake asubuhi. Mimi niliwafuata baadaye na mayai ya Ijumaa. Nilimkuta kwa daktari, anakanyaga sakafu kwa furaha. Daktari akasema umepona kabisa, tembea, ukitaka panda mlima. Rafiki alikuwa ameshaondoka. Tukatoka wawili, yeye mbele, anashuka ngazi mbili mbili kama kijana, mimi nyuma na bahasha ya picha za mifupa. Funguo nilizishika mkononi. Nilikuwa nimeamua kumpa kabla hajaziomba, ili isionekane nimenyang'anywa.

Alifika ngazi ya mwisho, akaliona gari uani. Akageuka akaniangalia usoni, kisha mkononi. Halafu akaanza kuchechemea.

"Daktari yule ni kijana sana," alisema. "Mguu huu bado."

"Bado kabisa," nikamjibu.

Akachechemea mpaka upande wa abiria, akangoja niyatoe mayai kitini, akajikunja akaingia, akanyoosha mikono nimpe trei.