Siku Niliyokuwa Miguu ya Wifi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo siikumbuki kwa kichwa tu. Hata kifundo cha mguu huu wa kushoto kinaikumbuka, hasa baridi ya Juni inaposhuka kutoka mlima Oldeani. Nimeviona viatu ulivyonunua vya kumsindikiza dada yako kanisani kwenye harusi yake Jumamosi, vile vyenye kisigino kama msumari. Sikusema kitu mbele ya watu. Sasa tuko wawili, kaa hapo unisikilize, na usicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, kiangazi, vumbi jekundu la Karatu limefunika mpaka majani ya kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu. Kaka yangu alikuwa utingo wa lori, na safari moja akarudi kutoka Arusha na zawadi ya mkewe, wifi yangu Paskalina. Raizoni! Wewe huzijui. Soli nene kama tofali, kisigino juu, mkanda mmoja mwembamba wa kushika vidole, na nyuma hakuna kitu. Wifi akazitazama, akatazama tumbo lake, akacheka mpaka akashika ukuta. "Chukua wewe, wifi. Mimi na tumbo hili nikivaa hizi nitabingirika mpaka Mbulu."

Nikazichukua. Mguu wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa wifi, zikanibana vidole vyote, lakini nani alikuwa anaviuliza vidole? Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliuona mkakasi tu.

Haukupita muda, mwezi wa wifi ukatimia na kaka yuko safarini. Baba alikuwa mgonjwa kitandani, mama hakuweza kumwacha, basi akaamua nimpeleke mimi wifi zahanati ya Karatu akasubirie huko. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kushuka makorongo na kupanda, pembeni mwa msitu wenye nyati. Asubuhi ile mama alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni.

"Vaa katambuga zako," akasema. "Leo wewe ndiye miguu ya wifi yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama." Nikavaa katambuga zangu, zile ndara za tairi la gari ambazo mwiba hauzipenyi. Raizoni zilikuwa chini kabisa ya kikapu, nimezifunika kwa khanga.

Sasa ujue desturi yetu ya wakati ule. Mtu akienda mjini alitembea peku au na katambuga, na viatu vizuri vikawa kikapuni. Karibu na Karatu kuna korongo lenye kijito. Hapo kila mtu alinawa miguu, akapaka mafuta kidogo, akavaa viatu vyake vya mjini. Mimi nikaona huo ni ushamba. Ilikuwa siku ya mnada, wasichana wa vijiji vyote wangekuwa pale kijitoni, na sikutaka wanione nikibadilisha kama wao. Nilitaka wanione natokea nazo mbali, kama mtu aliyezaliwa nazo miguuni. Mjinga mimi! Tulipopita nyumba ya mwisho ya kijiji nikavua katambuga nikazisukumia ndani ya ua wa minyaa. Hata kuzibeba kikapuni niliona aibu, zisije zikachungulia.

"Wifi, una wazimu?" Paskalina akaniuliza. "Njia yote hii?"

"Nimezoea," nikamjibu. Uongo mtupu, nilikuwa nimezivaa mara mbili tu, chumbani.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Kabla jua halijapanda, vidole vilikuwa vinawaka moto, na kisigino kinatoka nje ya soli kila ninapokanyaga jiwe. Mara nikamwona wifi amesimama, ameshika kiuno. Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, twende. Baada ya muda akasimama tena, safari hii akauma khanga. Hapo hata mimi ambaye sikuwa nimezaa nilijua kwamba saa yake imefika na Karatu bado iko mbali.

Nikamshika mkono nikaongeza mwendo. Tulipofika mteremko wa mawe wa kushukia lile korongo la kijito, mguu wa kushoto ukageuka wote upande mmoja. Nilisikia kitu kinalia ndani ya kifundo, ta! Nikaanguka chini na kikapu changu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, liliteguka, lakini kwa maumivu yale sikuona tofauti.

Basi tazama maajabu. Mjamzito mwenye uchungu alinipa bega lake. Mimi niliyetumwa kumshika, yeye ndiye alinishika! Tulikwenda hatua kumi, uchungu ukamjia, tukakaa chini wote wawili. Tukainuka, tukaenda nyingine tano. Jasho linamtoka, mimi nalia, na kila nikikanyaga naona giza. Mwishowe akautoa mkono wangu begani mwake, taratibu, bila hasira.

"Kaa hapa, wifi. Nitakwenda mwenyewe."

Nikamwangalia akishuka peke yake, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na mti kwa mkono mwingine, mpaka njia ikakata kona. Mwanangu, sijapata kuogopa vile tena, na nimezika mume. Kwa kuchelewa kwetu watu wa mnadani walikuwa wameshapita wote, njia tupu, nami nasikiliza. Kila kijiti kikivunjika msituni nilisema ni nyati. Kila ndege akilia nilisema ni wifi. Nilisali Salamu Maria nikazichanganya na Baba Yetu.

Baadaye sana nikamwona Mama Tluway, jirani yetu, anapanda kutoka mnadani na furushi la chumvi kichwani. Nikapiga kelele kwa furaha. "Mama, umekutana na Paskalina? Amefika wapi?"

Akanishangaa. "Paskalina gani? Njia yote hii sijakutana na mtu."

Kama hakukutana naye njiani, yuko wapi? Mama Tluway akanitazama mguu ulivyovimba, akaziona raizoni. Akatupa furushi lake chini akarudi mbio alikotoka. Mimi nikamfuata kwa magoti na makalio, mawe yananichuna, mpaka nikasikia sauti kutoka chini ya njia, kule kijitoni. "Ayo! Ayo!" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw. Wifi alikuwa ameteremka kutafuta maji, ameshikilia jiwe lile lile ambalo watu hukalia kunawa miguu.

Mtoto alizaliwa pale. Alilia, Mungu ashukuriwe, lakini damu ya mama yake haikukoma. Mama Tluway, mikono yote miwili kazini, akanigeukia akapaza sauti. "Wewe, kimbia Karatu! Ita watu!"

Kimbia. Neno hilo mpaka leo nikilisikia nageuza uso. Mji ulikuwa juu ya kilima tu, ng'ombe wa mnadani wanasikika wakilia, na mimi sikuweza hata kusimama. Nilichoweza ni kupiga yowe. Nikapiga mpaka sauti ikakauka, ndipo wanaume waliokuwa wakirudi na mbuzi wao wakasikia, wakakata miti, wakafunga mashuka wakatengeneza machela. Wakambeba wifi. Mimi nilibaki na mtoto kifuani, nikisubiri warudi, sijui kama namshikilia mtoto mwenye mama au yatima.

Wifi alipona, baada ya siku nyingi. Na mtoto yule ndiye mama yako, huyu anayekaanga vitunguu huko jikoni. Sasa umeelewa kwa nini siwezi kuvinyamazia viatu vyako.

Wifi aliporudi nyumbani, mama akamuuliza ilikuwaje mimi nikateguka. Akasema gidamu ya katambuga ilikatika. Alinifichia, mwanangu, mimi niliyekaribia kumuua. Mama akainuka. Akaenda chumbani, akarudi na katambuga zangu, nzima kabisa, zina vumbi la minyaa. Alikuwa amezikuta zamani. Akaziweka mbele ya miguu yangu.

"Nilikwambia wewe ni miguu ya wifi yako," akasema. "Siku ile ulikuwa miguu ya nani?"

Nikaziokota nikazikumbatia. Swali hilo najiuliza mpaka leo.

Basi sikia nasaha yangu, na usidhani nakukataza kupendeza. Pendeza, tena sana! Ila kiatu cha kiangazi kinunue jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto na kazi, usikinunue asubuhi kikakudanganya. Vaa vyote viwili, tembea mpaka nje ya duka na kurudi, na mwenye duka akinuna mwache anune. Kidole gumba kipate nafasi ya kupumua. Nyuma pawe na mkanda wa kushika kisigino, na kisigino chenyewe kiwe kifupi na kipana. Chagua ngozi, maana plastiki kwenye jua hili inapika mguu kama kande. Nyeupe waachie wasio na vumbi. Gauni lako hilo la kijani, vaa na ndara za ngozi ya kahawia, zile zenye shanga chache wanazoshona akina mama wa Kimaasai wa Nainokanoka, paka nyayo mafuta, uone kama kuna atakayekutazama usoni tu. Na kiatu cha kuazima kiogope kama nguo ya kuazima, haisitiri maungo.

Na kila ukifungua kabati, kabla ya kujiuliza kiatu gani kinapendeza, jiulize leo nani ataniegemea. Jumamosi ni dada yako. Baadaye atakuwa mwingine.

Mungu akupe njia zenye maji na kivuli, akupe miguu mizima mpaka uzee, na siku mtu atakapokuambia "kimbia," mwanangu, akujalie uweze kukimbia.