Mwanangu Ananiita Tantine

Kosa ni langu, sitamsingizia shetani wala Ulaya. Nawaandikia ninyi wenzangu wa ughaibuni kwa sababu kanisani siwezi kulisema. Wanakwaya wetu wana midomo, Mungu anisamehe!

Nilifika Brussels kutoka Lubumbashi kwa viza ya mwaka mmoja, kulea watoto wa familia moja ya mtaa wa Uccle. Watu wema, jamani! Mwaka ulipoisha, madame alininunulia zawadi za nyumbani, akanikumbatia, tukalia wote. Kisha badala ya kwenda uwanja wa ndege, nikashuka stesheni ya treni ya Gare du Midi na sanduku langu, nikaenda mtaa wa Saint-Gilles kwa Yaya Mado (kwetu yaya ni dada mkubwa), mtu wa kwetu tuliyeimba naye kwaya moja.

Nilisema nitakaa kidogo tu. Kidogo! Nikaanza kusuka nywele Matonge, mtaa wa Waafrika, nikapanga chumba changu darini, na kila nikiona polisi metro nageuza njia.

Halafu nikashika mimba. Baba yake alizima simu nilipomwambia, na sina haja ya kumtaja tena. Niliogopa hospitali kuliko uchungu wenyewe. Nilidhani wataomba makaratasi ya ukaazi, wataita polisi, nitapandishwa ndege na tumbo langu.

Yaya Mado alikuwa na makaratasi yote, ila hakujaliwa mtoto. Akaniambia, "Unaogopa nini? Beba karte yangu ya utambulisho. Tunafanana, bazungu habataona kitu. Na mutoto atakuwa na makaratasi, bon!"

Nikaibeba. Nilizaa kwa jina lake! Wauguzi wananiita Madeleine, jina lake kamili, nami naitika huku nasukuma. Akatoka mtoto wa kiume, mzima, ana masikio ya marehemu baba yangu. Yaya Mado akaenda komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, kumwandikisha kuwa mwanawe. Jioni tukanywa Fanta tukacheka, wajinga wawili.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa kwanza, nikaficha baadaye.

Mwanzoni mtoto alilala kwangu. Siku moja polisi wa mtaa akabisha kwa Yaya Mado, kuhakikisha kama mtoto kweli anaishi pale. Tukaogopa sana. Kitanda chake kikahamia kwa Yaya Mado siku ileile. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamfundisha kuniita tantine, yaani mama mdogo, mbele za watu. Mtoto hajui mbele za watu ni wapi. Akazoea.

Yaya Mado si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniua. Anampenda kweli. Nilipomwomba turekebishe mambo alilia kunishinda. "Tukisema, mimi gereza, weye ndege. Na mutoto ataenda wapi?" Nikamfuta machozi, yakaishia hapo.

Baadaye serikali ikafungua mlango wa makaratasi kwa watu waliokaa muda mrefu. Nikakimbilia kwa wakili, papa mmoja, mzee wa kwetu. Akasoma dossier yangu, faili la maombi, akatikisa kichwa, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Maman, uko na mutoto mwenye kusoma hapa? Kama iko, dossier itapita."

Mwanangu alikuwa darasani wakati huo, mtaa wa pili kutoka pale.

"Apana, papa," nikasema. "Sina mutoto."

Jamani! Nililitamka bila kupepesa macho, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ile nikalia mpaka wapita njia wakasimama. Na dossier ilikataliwa vilevile.

Ninyi ambao viza zenu zinakaribia kwisha, rudini! Kurudi nyumbani si aibu. Na kama umeshakwama, uliza! Nilikuja kujua nimechelewa kwamba hospitali humpokea mzazi hata bila makaratasi. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikumuuliza mtu. Ila usiazime jina la mwenzio, hata akikupa kwa moyo mweupe. Nguo ya kuazima haisitiri matako!

Jumapili iliyopita, tukitoka ibadani, mwanangu alianguka akachubuka goti. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Nikachuchumaa, nikamnyooshea mikono.

Akanipita mbio akilia, "Maman! Maman!" mpaka kwa Yaya Mado.