Nafasi ya Amaris

Vernita Tolliver amewapakulia watoto wa shule ya mtaani kwao chakula cha mchana miaka kumi na tisa. Muulize mtoto yeyote upande wa mashariki wa mji ule wa Ohio, atakwambia kwa Bi Vernita huondoki na njaa. Anajua nani hali maharagwe, nani baba yake kafungwa, nani anaficha tufaha ampelekee mdogo wake. Na kwa kuwa yeye ndiye anayepanga sinia kila asubuhi, alijua mapema kuliko mwalimu mkuu kwamba shule inakauka. Zamani alipanga sinia mia nne. Mwaka huu hazifiki mia mbili.

Watoto wanakwenda wapi? Kwenye zile shule za umma za kuchagua, moja ya sayansi, nyingine ya muziki, ambako mtoto wa mtaa wowote anaomba, kisha kompyuta inapiga kura ya bahati. Mwezi wa tatu kura ikamwangukia binti yake mwenyewe, Amaris, wa miaka kumi na moja. Shule ya sayansi, ng'ambo ya mto.

"Wameomba mia saba, Vee, wamechukuliwa tisini," alisema mumewe Rayford, fundi wa mabasi ya mji, grisi ingali kwenye kucha. "Bonyeza hapo useme tumekubali, tulale."

"Tuna mpaka Ijumaa saa kumi."

"Ijumaa itakuletea nini ambacho leo haina?"

Kilichomzuia Vernita kubonyeza ni jirani yake Charlene na akina mama wengine watano wa kanisani, ambao watoto wao nao walipata nafasi za kuondoka. Jumapili, baada ya ibada, walimzingira na sahani zao za samaki wa kukaanga. "Bi Vernita, wewe ndiye uko mle ndani kila siku," Charlene alisema. "Ukimbakiza wako, na sisi tunabakiza wetu." Uvumi ulishaenea kwamba idadi ikizidi kushuka, bodi ya elimu itaifunga shule.

Amaris si msemaji. Siku ya kuitembelea ile shule ya sayansi walimwachia akate mbao kwa msumeno wa umeme, akaunda daraja dogo. Alirudi na vumbi la mbao kwenye mkono wa sweta, na sweta lile akakataa katakata lisifuliwe. Wiki mbili nzima!

Alhamisi, mezani, mambo yakaharibika.

"Unataka kumtumia mtoto wetu kuziba pengo la shule," Rayford alisema. "Mtoto si tofali, Vernita."

"Na hawa wanaobaki ni nini, takataka? Kila anayeweza kukimbia akikimbia, mimi nitampikia nani?"

"Ahaa! Sema basi kwamba unalilia kazi yako."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa halikuwa uongo mtupu. Akamgeukia Amaris, aliyekuwa akichokonoa mkate wa mahindi. "Wewe unasemaje, mama?"

"Unavyotaka wewe, mama."

Jamani, mtoto akikujibu hivyo, acha yote umtazame usoni. Vernita hakumtazama. Alilichukua lile jibu kuwa ruhusa.

Ijumaa saa kumi ikapita. Charlene na wenzake nao wakawabakiza wao. Rayford alikula peke yake sebuleni siku tatu.

Mwezi wa tano bodi ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Mwanamke mmoja mwenye suti ya kijivu akasoma karatasi: shule inafungwa mwezi wa sita.

Charlene akaruka juu. "Lakini tumewabakiza watoto!"

"Tumetumia idadi ya Oktoba, mama," yule mwanamke akajibu, kwa upole kabisa. "Uamuzi ulipitishwa Januari."

Januari! Wakati Vernita anakosa usingizi, anagombana na mumewe, shule ilikuwa imeshazikwa na hakuna aliyewaambia.

"Sisi tulikufuata wewe, Vernita," Charlene alimwambia mlangoni. Hakumwita tena Bi.

Watoto wakapangiwa shule ya kule nyuma ya reli, ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuiomba. Rayford hakumlaumu mkewe, na afadhali angemlaumu. Amaris alilitia sweta kwenye kapu la nguo chafu, mwenyewe, bila kuambiwa.

Wapishi wenye miaka mingi kazini hawafukuzwi, wanahamishwa palipo na pengo. Barua ya Vernita ilifika Agosti. Aliisoma mara tatu, akiwa amesimama jikoni. Shule ya sayansi, ng'ambo ya mto.

Siku ya kufungua shule waliondoka nyumbani pamoja, mama na binti, kisha kila mmoja akasimama upande wake wa barabara kungoja basi lake.

Mchana, msichana mmoja wa darasa la sita alinyoosha sinia. Mkono wa sweta lake ulikuwa na vumbi la mbao.

"Umeanza leo?" Vernita alimuuliza.

"Ndiyo, Bi. Nilikuwa kwenye orodha ya kusubiri, kuna mtu akaikataa nafasi yake." Msichana akacheka. "Mama anasema huyo mtu sijui alikuwa na akili gani."

Vernita akamwongezea viazi. "Kula, mama," alisema, na foleni ikasogea.