Mwanangu Anataka Radhi Yangu kwa Gari Yenye Tairi Zinazokwaruza

Asalaam aleikum wenye ukurasa na nyote mnaosoma. Huku kwetu Mwanakwerekwe hatujambo. Mkwe wangu, bibi yao watoto, mzima ila magoti. Dada yangu aliyekuja kwa ajili ya arusi mzima, na wanawe wazima. Binti yangu, bi arusi mwenyewe, yumo ndani anapakwa hina. Kaka yake, ambaye ndiye habari yangu, mzima wa kiwiliwili. Na mimi mzima, ila situlii. Jina langu nawaomba mlifiche. Nina miaka hamsini na tatu, mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, na kusoma sikusoma sana, mkikuta pamekosewa mnisamehe.

Marehemu alituachia gari ya kubeba watu, ndefu, ya kizamani, na mwanangu ndiyo anayopelekea wageni Uroa. Arusi ilipokaribia akasema haiwezi kumchukua dada yake ikiwa na zile ringi nyeusi za chuma, kama gari ya mkaa. Akatafuta ringi za mtumba zinazong'ara, na tairi zake pana. Nikamuuliza kama zinaingia. Akanambia kahesabu matundu ya nati, yako sawa na ya zamani, na nati zote zimeingia. "Zimeikaa, mama," akasema, huku anaizunguka gari kama anatazama mchumba. Na kweli ilipendeza, sitosema uongo. Zile za zamani akazirundika nyuma ya nyumba, sasa kuku wanalalia.

Jumapili tukaenda Kidichi kumwalika shangazi yake. Wanawake tele nyuma, mimi mbele. Kila kona, chini yetu kitu kinakwaruza, halafu inakuja harufu ya mpira unaoungua. Dada yangu akasema ngoma ya arusi ishaanza, tukacheka. Kona ya pili mimi sikucheka. Tulipofika nikainama kutazama. Gari ikijaa watu inashuka, na zile tairi kwa upana wake zinagusa bati la madigadi. Ukingo wa tairi umeliwa, nyuzi zinachungulia kama mkeka uliochakaa.

Nikamwambia. Akajibu kuwa akiwa peke yake hailii hata kidogo, labda sisi ndio tumezidisha pilau. Sasa mimi nnashona mabuibui toka usichana wangu. Mtu akisimama mbele ya kioo, nguo inamkaa vizuri tu. Mimi simwachii aondoke mpaka aketi kitini, hapo ndipo mshono unaposema kweli. Nikamwambia, "Baba, zimeikaa kwa sababu hukumkalisha mtu ndani."

Akainama kutazama tairi. Nikadhani kanielewa. Nikamwomba arudishe zile nyeusi, hata kama hazipendezi, tufike salama. Hataki. Kumbe ameshawatumia picha shemeji zake wa Uroa, kwao bwana arusi, na wao wanaingoja gari ile ile ya kwenye picha. Anasema akija na chuma cheusi wataona ringi zile zilikuwa za kuazima. Binti yangu naye kanambia ndani kwa ndani, mama usitutafutie nuksi.

Kilichonifanya niandike ni cha leo asubuhi. Kaiosha gari mpaka inameta, akanijia ukumbini kashika chetezo cha bibi yake. Kwetu sisi gari ya bi arusi haitoki mpaka mama aifukize udi na aitolee radhi, ndivyo alivyotuzoesha marehemu. Akapiga magoti mtu mzima yule. "Nifukizie, mama. Nipe radhi yako, Ijumaa nimpeleke dada yangu."

Jamani. Nikimnyima radhi katika arusi ya dada yake, si nimemtia mkosi mwanangu kwa mkono wangu? Na nikimpa, nimeibariki safari nnayoiogopa, na ndani yake wamo wanangu wote wawili, Mungu hakunipa wengine.

Nimemwambia makaa hayajashika. Kaamini, kenda jikoni kutafuta kipepeo aje apepee. Chetezo kiko miguuni pangu hapa na makaa mekundu zamani. Nyinyi mliozaa, na nyinyi mnaojua magari, nimpe radhi au niikatae gari mbele ya watu? Nileteeni neno upesi, maana uongo mwengine sina.