Nta ya Kumnasa Mzee Yusufu

Simung'unyi maneno: mimi, fundi redio wa Itigi, nilimwita "mwizi" mzee ninayempa shikamoo kila asubuhi.

Redio ya kijiji chetu cha ujamaa ilinyamaza. Nikatoa transista iliyokufa, kipuri cha ndani kinachokuza sauti, nikaweka nyingine kutoka boksi langu la vipuri, yenye umbo lilelile na miguu mitatu. Sikuijaribu, maana betri alizitunza mwenyekiti wa kijiji. Mzee Yusufu, mrina asali, akaipeleka redio kwa baiskeli hadi ofisini kwa mwenyekiti. Ikafika bubu, ikarudishwa kwangu.

Nikaanza kumshuku. Mbona alikuwa akipiga mluzi? Mbona aliondoka haraka? Bila shaka alinichomolea transista njiani! Nikaweka nyingine kutoka boksi lilelile, nikaziba mfuniko wa redio kwa nta niliyonunua kwake mwenyewe, nikaigandamiza kwa dole gumba ili alama yangu ibaki. Akaipeleka tena, nami nyuma yake.

Ofisini betri zikatiwa. Kimya.

"Mwizi ni Mzee Yusufu!" nikafoka mbele ya watu wote.

"Fungua tuone," akasema mwenyekiti.

Nta haikuwa imeguswa. Ndani, transista yangu imetulia. Ndipo nikaisoma namba yake kwa mara ya kwanza: ilikuwa aina ya NPN, na iliyokufa ilikuwa PNP, ambayo umeme wake hupita kinyume.

Mzee Yusufu akaiinua ile nta.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "alama ya dole hili ni ya nani?"